Kozi ya sayansi jinai ya NTU kwenye Coursera: kemia imeiva, mikono mitupu

Kozi nyingi za utangulizi za sayansi jinai mtandaoni huanza kwa maigizo: mwili umekutwa ufukweni, watuhumiwa ni watatu, na mwanafunzi anavishwa cheo cha upelelezi kabla hajajua kutofautisha doa la damu na la kutu. Introduction to Forensic Science ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore, inayopatikana kwenye Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, haina mambo hayo. Mwalimu wake, Roderick Bates, ni mkemia wa kemia ogania, na anafundisha kikemia: damu ni kitu gani hasa, sumu ikishaingia mwilini inafanya nini, unyuzi mmoja wa zulia unaweza kumtia mtu hatiani? Na kuna lile swali linalotumika kama chambo cha kozi nzima: Napoleon aliuawa na Waingereza, au na karatasi za ukutani?

Kwa mwenye haraka, tathmini yetu ni hii. Mwanafunzi wa sheria, wakili, hakimu, mwandishi wa habari za mahakamani na mwalimu wa kemia waisome bila kusita. Askari au kijana anayetaka kazi ya eneo la tukio ataipenda, lakini itampa nusu tu ya anachohitaji. Ni kozi ya video na maswali ya kuchagua jibu. Haina meza ya maabara wala brashi ya kushika. Nusu hiyo nyingine mtu anaweza kujijazia mwenyewe kwa vitu vya dukani, na tutaonyesha baadhi.

Lugha ni Kiingereza, ila manukuu chini ya video yanasaidia, na programu ya simu inaruhusu kupakua masomo ukiwa kwenye Wi-Fi ili usimalize bando. Kemia ya kidato cha nne iliyosomwa kwa makini inatosha. Aliyeacha sayansi kidato cha pili atahema kwenye sehemu ya uchambuzi wa kemikali, na hiyo ndiyo sehemu asiyopaswa kuiruka, kwa sababu dawa za kulevya, sumu na nyuzi zote zinarudi kwenye mashine zilezile.

Mashine kubwa ni kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektromita ya masi. Ya kwanza inatenganisha mchanganyiko, kila kemikali inatoka kwa wakati wake. Ya pili inazivunja molekuli na kusoma uzito wa vipande. Ukitaka kuielewa hatua ya kwanza kwa macho, chukua karatasi ya kuchujia, chora mstari kwa penseli sentimita 2 kutoka chini, weka nukta ndogo za kalamu nyeusi za aina tatu tofauti, kisha isimamishe kwenye glasi yenye maji ya kina cha sentimita 1. Wino mweusi utapanda na kugawanyika rangi, na kila kampuni ina mgawanyiko wake. Wengi hukosea kwa kumimina maji mpaka yanafunika nukta: wino unayeyukia chini na hakuna kinachopanda. Kosa jingine ni kuchora mstari kwa kalamu ya wino, ambao nao unapanda na kuvuruga kila kitu. Kalamu zisizofutika kwa maji zinahitaji spiriti badala ya maji. Pima umbali uliopandwa na rangi, gawanya kwa umbali uliopandwa na maji. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha.

Sehemu ya muda wa kifo inahitaji msomaji wa pwani awe macho kuliko mwenzake wa Ulaya. Kanuni ya zamani inayofundishwa kila mahali ni ya Glaister: toa joto la mwili lililopimwa kwenye puru kutoka nyuzi 98.4 za Farenhaiti, gawanya kwa 1.5, unapata saa zilizopita tangu kifo. Kanuni hii ilizaliwa kwenye baridi. Chukua chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 31 za Selsiasi na mwili wenye nyuzi 34. Kwa Glaister, marehemu ana kama saa 3 na nusu. Tumia fomula ya Henssge, inayozingatia uzito wa mwili na joto la mazingira, kwa mtu wa kilo 70 asiye na nguo, ukichukua ile ya mazingira yanayozidi nyuzi 23, unapata kama saa 13 na nusu, pamoja na ukingo wa kosa usiopungua saa 2.8 kila upande. Tofauti ya saa 10 inatosha kumtoa mtu mmoja kwenye orodha ya watuhumiwa na kumwingiza mwingine. Sababu ni rahisi: mwili hupoteza joto kwa kadiri unavyozidi mazingira yake, na hapa pengo lote tangu mwanzo ni nyuzi 6 tu. Kukakamaa kwa mwili nako huja na kuondoka mapema zaidi kwenye joto. Kwa hiyo mtu anayeandika ripoti bila joto la chumba, nguo, upepo wa feni na saa ya kupima ameandika nusu ya ripoti.

Kuhusu damu, watu wengi hutoka kwenye kozi za namna hii wakikumbuka luminoli, kemikali ya kutafutia damu, kwa sababu inang'aa gizani. Kipimo cha kawaida cha kuanzia, kisicho na mbwembwe, ni Kastle-Meyer. Kitendanishi chake, yaani kemikali ya kupimia, ni fenolfthalini iliyochemshwa na unga wa zinki kwenye myeyuko wa besi mpaka ikapoteza rangi, na inahifadhiwa kwenye chupa ya rangi, mahali pa baridi, zinki ikiwa bado ndani. Unasugua pamba kidogo kwenye doa, usilimalize doa lote. Tone la ethanoli kwanza. Tone la kitendanishi, kisha unatulia sekunde chache na kuangalia. Pamba ikigeuka waridi hapo, kabla ya hatua inayofuata, kipimo kimeharibika: kuna kitu kingine kinachooksidisha, mfano chumvi za shaba. Isipogeuka, tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, na damu huleta waridi papo hapo. Rangi inayokuja baada ya nusu dakika haihesabiki, kwani kitendanishi hujigeuza chenyewe kikikaa hewani.

Waridi hilo linasema nini? Linasema kuna kitu chenye tabia ya hemoglobini. Damu ya mbuzi wa sikukuu nayo inatoa waridi. Mimea kadhaa yenye kimeng'enya cha peroksidesi inaweza kudanganya, na dawa za kusafishia zenye klorini husumbua pia, luminoli zaidi. Ndiyo maana ni lazima kuanza na pamba safi isiyo na kitu na pamba yenye damu inayojulikana, siku hiyohiyo, chupa hiyohiyo. Shahidi anayeiambia mahakama kwamba kipimo hiki kilithibitisha damu ya binadamu aulizwe kipimo cha pili kiko wapi.

Tena doa lenyewe linaharibika zaidi kwenye kufungashwa kuliko kwenye kupimwa. Shati lenye damu mbichi likifungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa joto la Tanga au Mombasa linaota ukungu, na bakteria wanakula vinasaba. Lianikwe kivulini juu ya karatasi safi, likauke lenyewe bila jua wala pasi, kisha liingie kwenye bahasha au mfuko wa khaki, kila nguo na mfuko wake. Karatasi iliyokuwa chini yake nayo ifungwe, maana chembe huangukia hapo. Hili si jambo la kemia, na ndiyo sababu kozi ya mkemia haikulipa jambo hili uzito ambao mtu wa eneo la tukio angelipa.

Tunafika kwenye vinasaba, ambapo kozi inauliza swali sahihi: kweli vina nguvu kiasi hicho? Historia yake inajulikana. Alec Jeffreys aligundua utambuzi wa mtu kwa vinasaba mwaka 1984 pale Leicester, Uingereza, na kwenye kesi ya mauaji ya wasichana wawili eneo hilo, kazi ya kwanza iliyofanywa na vinasaba ilikuwa kumsafisha kijana aliyekuwa amekiri, kabla ya kumfikia Colin Pitchfork aliyehukumiwa mwaka 1988. Maabara za leo hazisomi vinasaba vyote. Zinasoma maeneo machache ambamo kipande kifupi kinajirudia mara kadhaa, na zinahesabu marudio hayo. Hifadhidata ya Marekani ilitumia maeneo 13, na tangu Januari 2017 inatumia 20. Kila mzunguko wa PCR, mbinu ya kunakili vinasaba kwenye mashine, unazidisha nakala mara mbili, hivyo mizunguko 28 inatoa, kinadharia, takriban nakala milioni 268 kutoka kipande kimoja. Hapo ndipo penye nguvu na penye hatari: uchafu nao unazidishwa vilevile.

Kisa cha kukumbuka ni kile cha Ujerumani, ambako polisi walimsaka kwa miaka mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilionekana kwenye mauaji, wizi na uvunjaji katika nchi zaidi ya moja. Mwaka 2009 ikabainika kuwa ni mfanyakazi wa kiwandani aliyekuwa akishughulikia vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa steraili. Usterilishaji huua vijidudu, haufuti vinasaba. Anayenunua vifaa vya maabara au vya kituo cha polisi aangalie kama pakiti imeandikwa haina vinasaba vya binadamu, na abaki na kijiti kimoja kisichotumika kutoka pakiti hiyohiyo ili kipimwe pamoja na sampuli.

Mashine inaweza pia kunyamaza. Sampuli ya udongo ina asidi za humasi zinazozuia PCR, rangi ya buluu ya jinzi nayo inazuia, hata hemu, sehemu ya damu yenye chuma, ikizidi. Vinasaba vilivyooza kwa joto na unyevu vinapoteza kwanza vipande virefu, kwa hiyo unapata maeneo 7 au 8 badala ya 20, na hesabu inabadilika kabisa.

Hesabu hiyo ndiyo tungependa kila msomaji wa sheria akae nayo. Tuseme wasifu wa vinasaba uliopatikana, yaani orodha ya marudio yaliyohesabiwa, ni wa nusu, na uwezekano wa mtu asiyehusika kulingana nao ni 1 kwa milioni 1. Mwendesha mashtaka atavutiwa kusema kwamba uwezekano wa mshtakiwa kutokuwa ndiye ni 1 kwa milioni 1. Sivyo. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Katika mkoa huo peke yake unategemea watu kama 5 wenye wasifu huo. Kama hakuna ushahidi mwingine wowote, mshtakiwa ni mmoja kati ya hao. Ushahidi wa simu, wa mashahidi au wa mali iliyokutwa ndio unaompambanua, na vinasaba vinauongezea nguvu. Undugu nao unaingia hapa: kaka wa baba mmoja na mama mmoja wanalingana mara nyingi zaidi ya watu baki, na namba ya 1 kwa milioni 1 haiwahusu. Tazama video za vinasaba mara mbili kama ni lazima, kisha fanya hesabu hii kwa mkoa wako.

Alama za vidole ndipo mikono mitupu inapouma zaidi, kwa sababu hapa ujuzi uko kwenye kifundo cha mkono. Zoezi la nyumbani ni rahisi. Kwangua penseli laini ya 2B kwenye karatasi mpaka upate unga kama nusu kijiko cha chai. Gusa glasi kavu kwa kidole ulichokwisha kukipitisha usoni, maana mafuta ya uso yanasaidia. Chovya ncha tu ya brashi laini ya vipodozi, kung'uta, kisha izungushe juu ya glasi bila kukandamiza. Mistari ikianza kuonekana, fuata mwelekeo wake. Acha mapema kuliko unavyotaka: aliyezidisha unga anajaza mabonde kati ya matuta na kubaki na doa jeusi, na hakuna kurudi nyuma. Bandika selotepu pana kuanzia upande mmoja ukiisukuma kwa kidole ili hewa itoke, ing'oe kwa mwendo mmoja, ibandike kwenye kadi nyeupe. Andika mahali, saa na mshale wa upande wa juu. Kadi isiyo na mshale huzua ubishi baadaye kuhusu jinsi kikombe kilivyoshikwa.

Usijaribu hivyo kwenye karatasi. Inanyonya jasho na unga hauna pa kushika. Karatasi inataka ninhidrini, ambayo inaungana na asidi amino za jasho na kutoa zambarau, vizuri zaidi kwenye kabati la nyuzi 80 na unyevunyevu wa asilimia 65 hivi. Karatasi iliyolowa maji imekwisha kupoteza asidi amino, kwa hiyo ninhidrini haitafaa kitu. Plastiki inataka mvuke wa gundi ya siyanoakrilati, yaani superglue, kwenye chumba kilichofungwa chenye unyevu wa asilimia 80 hivi. Mvuke huo unawasha macho na mapafu, usiufanyie jikoni.

Na ulinganishaji ni uamuzi wa mtu. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni za Madrid, wataalamu wa FBI walikubaliana kwamba alama kwenye mfuko ilikuwa ya wakili wa Oregon, Brandon Mayfield. Polisi wa Hispania wakaitambua kuwa ya mtu mwingine kabisa. Mtu akikwambia alama za vidole hazikosei, mtajie kesi hiyo kisha nyamaza.

Nyuzi na silaha tunazipita haraka. Zimefundishwa vya kutosha kwa kiwango cha utangulizi, na mtu wa kawaida hana namna ya kuzifanyia mazoezi. Kumbuka tu kwamba masizi ya risasi mkononi, yale ya madini ya risasi, bari na antimoni, yanapotea ndani ya saa chache kwa kunawa na kushika vitu, na yanaweza kuhamia kwa mtu aliyekamatwa na askari aliyetoka kulenga shabaha.

Dawa za kulevya zinafundishwa na chuo cha nchi ambayo sheria yake inaweka adhabu ya kifo kwa kusafirisha zaidi ya gramu 15 za diamofini halisi, yaani heroini yenyewe bila vichanganyio. Ukijua hilo unaelewa kwa nini mkemia wa Singapore hawezi kuishia kutaja jina la unga. Lazima apime kiasi. Kipimo cha rangi cha Marquis, formaldehaidi ndani ya asidi ya salfuriki iliyokolea, hutoa zambarau kwa jamii ya afyuni na rangi ya machungwa inayoelekea kahawia kwa amfetamini. Hicho ni kiashirio. Uthibitisho unatoka kwenye spektromita. Uchukuaji wa sampuli nao una kanuni zake, na moja inayotumika sana ni hii: vifurushi chini ya 10 pima vyote, kati ya 10 na 100 pima 10, zaidi ya 100 pima kipeuo cha pili cha idadi. Kete 400, basi, zinataka 20, zilizochaguliwa bila kupendelea zilizo juu ya mfuko.

Sumu ndiyo raha ya kozi. Kipimo cha Marsh cha arseniki kilitoka mwaka 1836 na kikatikisa mahakama ya Ufaransa mwaka 1840 kwenye kesi ya Marie Lafarge. Napoleon yeye alifia St Helena mwaka 1821, nywele zake zikakutwa na arseniki nyingi, na karatasi za ukutani za zama hizo zilipakwa kijani cha Scheele chenye shaba na arseniki, ambacho ukungu wa nyumba yenye unyevu unaweza kukigeuza kuwa gesi. Basi alipewa sumu? Mwaka 2008 wanafizikia wa Italia walipima nywele zake za utotoni Corsica, za uhamishoni Elba na za siku za mwisho, pamoja na za mwanawe na za mkewe Joséphine. Zote zilikuwa na arseniki takriban mara mia ya kiwango cha watu wa leo. Bila kipimo cha kulinganisha, namba kubwa ya maabara haina maana, na hakuna kisa kinachoonyesha hilo vizuri kama hiki.

Kinachobaki nje ya kozi, na hatuwezi kuwalaumu Wasingapore kwa hilo, ni karatasi za kwetu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza mnyororo wa utunzaji wa vielelezo kuwa ni kumbukumbu ya mfululizo: ukamataji, utunzaji, udhibiti, makabidhiano, uchambuzi na mwisho wa kielelezo. Kesi nyingi za dawa za kulevya zinavunjikia hapo: hati ya ukamataji inasema pakiti 52, daftari la chumba cha vielelezo linasema 50, na bahasha iliyofika kwa Mkemia Mkuu haina saini ya aliyeipeleka. Mashine ya bei mbaya haiwezi kuziba mwanya huo. Anayesoma kozi hii Tanzania asome sambamba Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009.

Cheti kinalipiwa, na Coursera ina fomu ya kuomba msaada wa kifedha kwa asiyemudu. Ijaze kwa sentensi kamili zinazoeleza kipato na matumizi ya kozi. Cheti hicho hakimfanyi mtu kuwa shahidi mtaalamu mahakamani, kwa hiyo wakili anayetaka tu kuhoji ripoti ya maabara anaweza kuokoa pesa yake. Kama muda ni mchache, anza na uchambuzi wa kemikali, nenda vinasaba, kisha sumu. Muda wa kifo usome ukiwa na kikokotoo mkononi na kipimajoto cha chumba chako ukutani.